Hotuba ya Kumuaga Bi Mkubwa

Benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile mwenyewe alikuwa amekalia upande wa tofali, karatasi gotini, roho juu. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kwa miaka hamsini, angeagwa jioni kwa kustaafu, na katika watu wote alimchagua yeye, jirani, aeleze maisha yake. Kinyozi alimpenda yule mama kwa dhati, akaogopa kumwaibisha. Ndipo akawanunulia kahawa wenzake wawili: Redio, asiyepitwa na habari, na Ushahidi, fundi viatu ambaye kila jambo hutokea yeye akiwepo.

— Anza na ndoa, — alisema Redio. — Kaolewa mara nne.

— Tano. Umemsahau hakimu aliyelishwa sumu.

— Ushahidi, hiyo filamu bwana.

— Filamu, lakini mkono ulikuwa wake. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Hakuna aliyeuliza mwana kaingiaje hapo.

— Na mume wake wa kweli? — Kinyozi aliuliza.

— Alimkimbia, — alisema Redio. — Nani kamwona mlangoni miaka hii? Andika pia jela, miaka saba. Nilimwona na sare za wafungwa, anapanda gari la kikundi cha maigizo.

— Mtaniponza nyie. Nataka jambo nililoliona kwa macho yangu.

— Basi ile filamu ya jeneza, — alisema Ushahidi. — Miaka mitatu sasa, hapa hapa barabarani. Anatembea nyuma ya jeneza, halii, anawaambia wabebaji, “Taratibu, mgongo unamuuma.”

— Acha, — alisema Kinyozi. — Mwili ulinisisimka.

— Tukasimama sote, tukapiga makofi.

Hapo Kinyozi alitabasamu. Hajawahi kuona uigizaji wa namna ile. Akaandika ukurasa mzima bila kufuta neno.

Hakuwa amemaliza vizuri, akatokea mpwa wa Bi Mkubwa kuchukua hotuba ikachapwe.

— Shikamooni, wajomba. Shangazi anawasalimu.

— Marahaba, mwanetu. Hivi kwa nini kanichagua mimi?

— Kwa ajili ya siku ile ya mazishi ya mumewe. Mumewe alilala kitandani miaka sita, mgonjwa wa mgongo, hata ndugu walishamsahau. Shangazi husema, mtaa huu ulisimama, wewe wa kwanza, ukampigia makofi ya heshima. Anasema ndiyo yaliyomtia nguvu mpaka leo.

Akaichukua karatasi, akasoma. Akarudi mstari wa kwanza.

— Mjomba, filamu gani hii?

Redio alichungulia kikombe kilichokwisha kahawa. Ushahidi akasema siku hiyo yeye alikuwa safarini.

Kinyozi alishikwa na aibu asiyowahi kuionja. Akanyoosha mkono kuiomba karatasi, na binti hakuiachia, bado akingoja jibu.