Mikono ya Ngoga

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majembe ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, yakiwa bado na tope la mitaroni, yameegemezwa ukutani, benchi la nje ya kibanda cha Futi lilijaa mapema. Kibanda kiko kwenye mteremko wa kutoka Sonatubes kwenda Kicukiro, jijini Kigali. Futi ni fundi cherehani Nsengiyumva, aitwaye hivyo kwa ile kamba ya kupimia isiyomtoka shingoni. Yeye alikaa kwenye cherehani yake, mbele ya benchi. Upande wa kushoto wa benchi alikaa Trinah na chupa ya kahawa ya tangawizi. Kulia, karani mstaafu Mutabazi, waliyembatiza Methali kwa kuwa alizijua zote na hakuiweka hata moja mahali pake. Katikati ya benchi, kitabu mapajani, alikuwa Sangwa, yaani Redio. Nakala ilikuwa moja, msomaji mmoja, na mwezi mmoja ulikuwa na sura moja.

Walikuwa wamefika kitabu cha nne cha hadithi za Shule ya Mlima wa Moshi, ambako kila mwanafunzi hupewa moto wake mdogo autunze ndani ya kibuyu. Tangu kitabu cha kwanza, mkubwa wa bweni, Ngoga, alikuwa akiuzima moto wa mtoto mmoja mnyonge, Kirezi, kila jioni kabla walimu hawajapita kukagua. Leo upepo wa mlimani umevunja madirisha, na Ngoga huyohuyo ameukinga moto wa Kirezi kwa mikono mitupu mpaka ngozi ikaungua. Sura ikaishia hapo.

— Yule mwandishi ni fundi, Trinah alisema. Vitabu vinne ananifanya nimchukie mtu, halafu kwa ukurasa mmoja naogopea vidole vyake.

— Na hakutuambia kwa nini, Redio alisema. Angekuwa mwingine angetuhubiria.

Futi aliinamia cherehani yake. Alikuwa na kawaida yake: kila Ngoga alipoanza kumwonea Kirezi, yeye aliikanyaga cherehani kwa nguvu, na Redio alipandisha sauti tu, akaendelea. Wenzao walidhani ni haraka ya kazi.

Haikuwa haraka. Miaka thelathini na nane iliyopita, huko Karagwe, wote wawili wakiwa watoto wa wakimbizi, Futi na Redio walilala bweni moja. Futi alikuwa kidato cha tatu, Redio kidato cha kwanza. Kila Jumapili Futi alimpandisha mtoto yule juu ya sanduku la bati, amsomee kila mtu barua ya mama yake. Walipokutana tena Kigali, watu wazima wenye wajukuu, walisalimiana kama majirani wa zamani. Hakuna aliyeligusa sanduku lile. Futi hakujua hata kama mwenzake analikumbuka.

— Mimi nasema Ngoga ni ndugu yake Kirezi, Trinah alianza. Baba mmoja. Amejua jana.

— Ndugu wapi, sha, Methali akamkata. Amerogwa. Mkono wa kulia ni wake, wa kushoto ni wa mchawi. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Madirisha. Yangekuwa na wajenzi yasingevunjika.

— Basi mkono upi ulikinga moto, mzee? Redio aliuliza. Hapa imeandikwa yote miwili.

Methali alikunywa funda moja la kahawa ili apate nafasi ya kufikiri.

— Wamepatana. Au sikiliza: Ngoga ni Kirezi mwenyewe, amerudi kutoka uzeeni kujifunza ukali. Alikuwa anajizima mwenyewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali, wewe ungeandika kitabu cha tano sisi tungehama mtaa, Trinah alisema.

Walicheka, hata Futi. Kijana wa pikipiki aliyekuwa amesimama mlangoni, Iradukunda, alicheka pia. Alikuwa amemletea Futi kizibao chake cha kazi kilichochanika begani, akasikia sura yote akiwa amekumbatia kofia yake ngumu.

— Wazee, samahani, alisema. Mimi iko nauliza tu. Huyo Ngoga aliomba msamaha?

Redio alifunua kurasa kurudi nyuma.

— Kitabu cha pili, Trinah alijaribu. Si alimrudishia kibuyu?

— Alikirudisha. Hakusema neno.

— Cha tatu?

— Hapana.

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

— Hakuomba, Futi alisema. Hata mimi sijaomba.

— Wewe tena umemfanya nini nani? Trinah aliuliza.

Futi alimgeukia Redio. Alimwita mwenzake kwa jina ambalo benchi lile lilikuwa halimwiti.

— Sangwa. Zile barua za mama yako, juu ya sanduku. Nilikukosea. Niwie radhi.

Redio aliweka kidole kwenye ukurasa ili asiupoteze.

— Nilidhani umesahau.

— Hata Jumapili moja sijasahau.

— Basi na mimi nikuambie nililokuwa najiuliza. Wenzako walitaka nirudie pale mama alipokosea maneno, wacheke. Wewe uliniamuru nirudie mwisho. “Lala vizuri, mwanangu.” Mara tatu, mara nne. Hukucheka.

Futi aliishika kamba yake shingoni kwa mikono miwili.

— Mimi sikuwa na wa kuniandikia.

— Nimesikia, Sangwa alisema, polepole. Nimesikia, kaka.

Trinah aliinamisha chupa. Ikatoa kahawa nusu kikombe, ya mwisho. Akakiweka kikombe ukingoni mwa benchi, kati ya wale wawili, wala hakusema ni cha nani.

Sura ya mwezi ilikuwa imekwisha kusomwa, na kanuni ya benchi ilijulikana. Lakini Sangwa alikohoa, akafunua ukurasa, akaanza sura ya tisa, tangu pale Kirezi alipouona moto wake ukiwaka katikati ya vidole vya mtu mwingine. Kizibao cha Iradukunda kilikuwa bado chini ya sindano, naye hakukidai. Ngoga alipoingia kwenye hadithi, mguu wa Futi ulikuwa umetulia chini.