"Out" ya Pasi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la mchonga funguo, na sheria yake ni moja: hakuna kusema "sijui". Asubuhi hiyo alikuja Pasi, anayenyoosha shuka za hoteli mwaka wa kumi na moja sasa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini alikuwa amenywea, simu mkononi. Msimamizi wake alikuwa amemtumia ujumbe: "Please help out today." Tukampisha akae, muuza kahawa akatujazia vikombe, kazi ya kutafsiri ikaanza.

— Help ni saidia, out ni nje, alisema Profesa, aliyepata jina hilo kwa sababu ya miwani tu. — Leo unafanyia kazi nje.

— Nipige pasi barabarani?

— Wenye Kiingereza chao wana mambo.

Refa, anayepuliza filimbi kwenye mechi za mtaa, akaguna.

— Out ni out. Mpira ukitoka umetoka. Umefukuzwa, ndugu yangu.

— Na hiyo help? aliuliza Pasi.

— Wanaomba uwasaidie kutoka mwenyewe, wasihangaike kukutoa.

Profesa hakukubali kushindwa na mtu wa filimbi. Akadai cha kuogopa ni "please", kwa kuwa bosi hambembelezi mtu anayebaki. Na "today" maana yake nafasi imeshapata mtu, bila shaka shemeji wa msimamizi. Refa akaongeza kwamba huyo shemeji hata pasi hajui kuishika. Mtu hayupo duniani, tukamchukia wote. Na mimi nilimchukia, naona aibu kusema.

Pasi alikaribia kulia. Watoto watatu, na mkewe atamwambia nini? Profesa akamwambia asiondoke kinyonge, akachukua simu, akamwandikia jibu na kulituma yeye mwenyewe: "Thank you. I am out." Yaani asante, natoka mwenyewe.

Tulikuwa bado tunampongeza alipofika dada mmoja anayefua katika hoteli hiyo, aproni ingali imelowa.

— Kaka, nakutafuta wewe. Wawili wanaumwa, shuka zimejaa mpaka mlangoni. Msimamizi anaomba utuongezee nguvu leo tu. Nimemwacha anasubiri jibu lako. Umemjibu nini?

Pasi akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta. Refa akanyoosha kikombe aongezwe kahawa, na birika lilikuwa tupu.