Banda la Ekari Mbili

Wachungaji, chifu, majirani wa Boito, na nyinyi nyote mliopanda huu mlima na matope ya jana, familia imeniomba mimi Janeffer, binti wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitasoma polepole kwa sababu nimechoka, na najua hata nyinyi mmechoka, hii miaka yote tumekuwa tukitoka kotini tunaingia hospitali.

Mzee Jonah Kipchirchir arap Sigei alizaliwa Kimulot mwaka wa 1936, mwezi haujulikani, ila nyanya alikuwa akisema ni wakati wa kuvuna wimbi, na aliyemfuata mgongoni ni baba yetu mdogo Kipruto, ambaye ameketi hapa mbele pamoja na familia, karibu baba mdogo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1946 hadi darasa la nne mwaka wa 1950, akaachia hapo kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi na wa kuchunga wachache. Tarehe 3 Februari 1955 aliandikwa kazi katika kambi ya majani chai, kwanza kuchuma, baadaye kwenye kitalu cha miche, hadi mwaka wa 1964 alipoacha kazi ya watu akaja hapa Boito kupanda chai yake mwenyewe.

Alifunga ndoa na mama yetu Yunia tarehe 15 Desemba 1962, kanisani Kimulot, wakajaliwa watoto watano, mmoja tukamzika angali mdogo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyatoa kwa ulimi wetu wa hapa, msiniangalie hivyo, sisi tunajijua, p ikifika mdomoni inageuka b, akitaka papai anaitisha babai, na hakuna aliyewahi kumletea kitu kingine.

Mwaka wa 1974 James na mkewe Wanjuhi walifika kutoka Nyeri wakanunua ekari mbili chini ya shamba letu, na baba, aliyekuwa ameujua mche tangu kitaluni, akawatafutia miche na kuwaonyesha jinsi ya kuipanga, na baba mdogo Kipruto akaibeba kwa kichwa kutoka barabarani kwa sababu lori halikuweza kushuka. James alifariki mwaka wa 1985, Wanjuhi akabaki na chai yake na mwanawe Peterson, na ndiyo sababu sisi sote tunamwita Mama Peterson. Yeye na mama yetu walikuwa wakikopeshana moto wa jikoni, sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Machi 1992 mapigano yalifika huku, mnayakumbuka, sina nguvu za kuwakumbusha. Nyumba ya Mama Peterson ilichomwa, karatasi za shamba zikaungua humo ndani, baba akawaficha yeye na mtoto kwenye kibanda cha ndama mpaka gari la kanisa lilipowachukua kuwapeleka Kericho. Moshi ulipoisha ile chai ilikuwa inachumwa na mtu mwingine, na huyo mtu ni baba mdogo Kipruto, nalisema mbele ya watu kwa sababu baba aliniambia nisiliruke.

Tarehe 27 Aprili 1992 baba alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kuandikisha ushahidi, kwamba alimwona Mama Peterson akipanda chai ekari mbili. Alisema alibanda chai. Askari aliyekuwa zamu, mgeni huku kwetu, akaandika kwamba Mama Peterson alikuwa na banda la chai, baba hakusomewa, akatia kidole, akarudi nyumbani akijua amemaliza.

Mwaka wa 1993 aliitwa mbele ya wazee wa kokwet, baraza la majirani zetu wenyewe, akaambiwa huwezi kumshtaki ndugu kwa ajili ya mpita njia, aondoe maneno yake. Akasema aliyoyaona ameyaona. Tangu siku hiyo hakualikwa kwenye maziwa ya mtu, na wakati wa kupalilia mahindi tulikuwa sisi na mama tu. Nilimlaumu, sifichi, niliona anatuponza bure.

Kesi iliandikishwa mwaka wa 1994 na wakili Adoyo, mama aliyetumwa na kanisa kuwasaidia watu waliochomewa, na kwa kuwa karatasi ziliungua kesi yote ikabaki mdomoni mwa baba. Leo hakimu amehamishwa, kesho faili haionekani, mtondo wakili wa upande wa pili ni mgonjwa, na kila mara baba alivaa koti lake la ndoa akaenda, akarudi. Tarehe 18 Juni 1996 ndipo alipopanda kizimbani, wakili wa upande wa pili akamwuliza hilo banda la chai lilikuwa na ukubwa gani, na baba, akidhani anaulizwa juu ya kupanda, akajibu kwa heshima kwamba ni ekari mbili. Koti nzima ikaangua kicheko. Ikaandikwa kwamba shahidi hajielewi, na hapa sokoni akapewa jina la Mzee Banda, hata watoto niliowafundisha mimi waliniuliza kama kweli baba yangu ana hoteli ya ekari mbili.

Wakili Adoyo ndiye aliyeligundua kosa, akaomba baba aitwe tena. Basi nikamfundisha baba yangu kusema p, nikimshikia unyoya wa kuku mbele ya midomo, ukitikisika amesema vizuri, usipotikisika arudie, naye akajifunza hata akikamua, tukicheka sote isipokuwa yeye. Alikuwa na miaka sitini. Siku unyoya ulipotikisika alimwita mama aje aone.

Januari mwaka huu wa 1998 chakula kilianza kukwama, daktari akagundua ni kansa ya koo. Kesi iliahirishwa Machi, ikaahirishwa Julai, na sauti ikawa inaisha, ikabaki kunong'ona, na mtu akinong'ona b na p ni kitu kimoja. Alifariki Jumatano tarehe 2 Septemba 1998, alfajiri, mkononi mwa mama.

Kesi itasikizwa tarehe 24 mwezi huu. Mama atakwenda. Nilimwuliza atasemaje, maana ulimi wake ni ule ule, akasema hatasema sana, atainama pale sakafuni amwonyeshe hakimu kwa mikono jinsi James alivyochimba na Mama Peterson akaweka mche, waandike hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakili Adoyo, walimu wenzangu, majirani mliokuja, hata mliochelewa miaka mitano, na Mama Peterson, ambaye ameketi kule nyuma karibu na jikoni na hakuwa amekanyaga Boito tangu gari lile la kanisa mpaka leo.

Limebaki neno moja. Wiki ya mwisho tulimwuliza baba nani aanze kumfukia, tukifikiri atasema kaka yetu Weldon, akanivuta sikio karibu akasema, "Kibruto aanze. Yeye ndiye alinibebea miche."

Lala salama, baba, uliusema ukweli kwa ulimi uliopewa. Baba mdogo, jembe ni hili.