Deni Langu, Jina Lake

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nafasi hii nilimwomba pasta mara tatu, na mara mbili aliponipa niliikimbia mwenyewe. Leo nimesimama. Naomba kitu kimoja tu: msinipigie makofi mpaka nimalize. Na nikimaliza mkiona hayafai, msipige.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtu wa Uvira. Niliingia mji huu wa Johannesburg nikiwa kijana, nikaanza kwa kulinda magari ya watu mtaani, baadaye nikapata kazi ya ulinzi kwenye jengo moja la ofisi kule Sandton. Kufikia mwaka 2015 nilikuwa msimamizi wa zamu. Kila mwezi nilikuwa na karatasi ya mshahara, na mwenye karatasi ya mshahara benki humchekea. Nikakopa, nikanunua bakkie kuukuu, gari dogo la mizigo, ili siku zangu za mapumziko niwe nahamisha vyombo vya watu. Haikumaliza miezi mitatu. Injini ilikufa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, nimebeba kitanda na friji ya mteja. Fundi aliifungua, akaniangalia, akasema, "Papa, hii uza vyuma." Nikauza vyuma. Mkopo ukabaki.

Mliowahi kukopa mnajua. Unalipa, unalipa, ukiuliza kimebaki kiasi gani unaona ni kama hujaanza. Riba ilikuwa inakula kwanza, sisi tunakula makombo.

Mke wangu, na jina lake sitalitaja, naomba wanaomjua msigeuze shingo, alikuwa na kitambulisho cha kudumu cha nchi hii. Alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha na kuwalisha. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kukopa hata chumvi kwa jirani. Ndiyo maana benki nyingine ikampigia simu, ikampa kadi ya mkopo. Tulikwenda wote wawili. Kijana wa pale alitueleza vizuri kabisa, sitamsingizia: ukitumia kadi hii kumaliza deni la benki nyingine, mwaka mzima hutozwi riba. Sifuri. Ila kila mwezi ulipe fungu lako kabla ya tarehe. Ukikosa, sifuri inaondoka, na riba itakayokuja ni kali kuliko ile uliyoikimbia.

Tulipotoka nje mke wangu alisimama.

"Deni ni lako, papa, lakini linakula chakula cha watoto. Nitalichukua kwa jina langu. Utalipa?"

"Nitalipa, mama. Kila mwezi."

"Niapie."

Nikaapa, pale pale mlangoni, watu wanapita.

Fomu ilitaka namba ya simu. Nikamwambia aandike yangu, kwa sababu yeye kazini hawakumruhusu kushika simu. Akaandika. Nawaambia ukweli, siku ile sikuwa na ubaya moyoni. Ubaya ulikuja baadaye, ukakuta namba iko tayari.

Kadi ikalipa mkopo wote mara moja. Benki yangu ikanipa barua kwamba sidaiwi kitu. Nilitembea siku ile kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Sikujiuliza nani ameingia humo badala yangu.

Nililipa miezi mitano. Mwezi wa sita kampuni yetu ikapoteza kazi ya lile jengo, tukaondolewa wote. Hilo nilimwambia mke wangu. Kukosa kazi hakufichiki. Akauliza, "Na kadi?"

Wengine wangesema ni shetani. Mimi nasema ni mdomo wangu. Nikajibu, "Kadi nimeimaliza. Malipo yangu ya mwisho ya kazini niliyapeleka kule yote."

Malipo yale nilikuwa nimempa jamaa mmoja aliyeniahidi kazi kubwa zaidi. Sikumwona tena.

Jumapili iliyofuata mke wangu alisimama hapa mbele kushukuru. Baadhi yenu mlikuwepo. Alisema Mungu ametutoa utumwani. Hakuwa na pesa ya sadaka, akatoa kitenge chake kipya, hakijavaliwa hata siku moja. Mkapiga makofi. Kuna mama alipiga vigelegele. Na mimi, ndugu zangu, nilipiga makofi, na mfukoni nina simu yenye ujumbe wa benki uliokuwa unamdai yeye.

Nilijiambia nikipata kazi nitaziba lile shimo na hatajua. Nikawa napakua magunia sokoni, siku napata, siku sipati. Kila ujumbe ulipoingia niliufuta. Barua zilipoanza kuja nikawa nawahi kisanduku cha getini kabla yake. Mwanzoni nilizisoma. Baadaye nikawa nazisukuma chini ya godoro bila kuzifungua. Sifuri ilishaondoka zamani. Deni lilikuwa limepita hata lile la bakkie.

Mwaka 2018 mama yake akaugua kule nyumbani. Mke wangu akaanza kuweka nauli. Ulibaki mshahara mmoja tu nauli itimie. Mwezi ulipoisha, akakuta mshahara umekatwa. Akaenda kuuliza, wakamwonyesha amri ya mahakama, jina lake limeandikwa juu.

Alirudi mchana akiwa na sare ya kazi. Nilikuwa namenya viazi. Hakupandisha sauti.

"Papa, ile kadi uliimaliza?"

Nikasema nadhani benki wamekosea.

"Sijauliza benki. Nimekuuliza wewe."

Nikaendelea kumenya viazi. Eish, ndugu zangu. Nikaendelea kumenya viazi.

Siku tisa baadaye mama yake akafariki. Alizikwa, na mtoto wake wa kwanza, mke wangu, yuko hapa Johannesburg, anatazama mazishi kwenye simu ya dada yake, picha inakwama, inaendelea, inakwama tena. Mlikuja nyumbani, mkakaa nasi chini. Mlinishika mkono mmoja mmoja, mkaniambia pole. Hakuna aliyejua pole hiyo anampa nani.

Matanga yalipokwisha alichukua watoto, akaenda kwa dada yake, mtaa wa Observatory. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia mapema ningelia siku moja."

Nikabaki na chumba Rosettenville. Sikuoga, sikula vizuri, nililala mchana kutwa. Kuna siku nilisimama kwenye daraja, magari yanapita chini kwa kasi, nikawaza mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Nilirudi chumbani si kwa imani. Nilirudi kwa uoga.

Ndipo akaja ndugu mmoja Mrundi, fundi cherehani, tunasali naye. Alileta suruali yangu iliyokaa kwake miezi. Akaona chumba kilivyo, akakaa. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mke wako umemwambia?"

"Anajua."

"Anajua alichokigundua. Wewe mwenyewe umemwambia nini?"

Mimi sikuwa nimemwambia chochote. Yote aliyatoa kwenye karatasi.

Kesho yake nilizitoa barua zote chini ya godoro, nikamngojea kwenye geti la kazini kwake. Nikamwambia kila kitu: jamaa wa kazi, ujumbe niliofuta, barua. Hata makofi niliyopiga hapa. Alisikiliza amesimama, mkoba begani. Mwishoni nikaanza kulia.

Akasema, "Usinililie. Nilipe."

Nikaanza kulipa. Dada mmoja Mkenya anayefanya kazi ya benki Sandton alikaa nasi, akatufungulia barua moja moja, akazungumza na watu wa benki ya kadi mpaka wakakubali mafungu tunayoyaweza. Yule fundi akanipa kazi ya kupiga pasi; alfajiri nilikuwa sokoni. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilipeleka risiti Observatory. Siku moja mtoto wangu mdogo akaniuliza, kwa Kizulu chake cha shuleni, kama leo nitalala pale. Mama yake ndiye aliyemjibu.

Mwaka huu, 2019, tumelipa fungu la mwisho. Nilimpelekea barua ya benki. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema asante. Basi. Hajarudi, na mimi sijamwomba arudi.

Mtauliza ushindi uko wapi. Jina lake limesafishwa. Mama yake hajafufuka. Hayo mawili nayabeba pamoja.

Nawashukuru fundi na dada yule, wanajijua. Nakushukuru na wewe pasta, hukunifukuza. Yeye simshukuru hadharani, kwa maana hakuniruhusu.

Kadi yenyewe haina kosa, wapo iliowasaidia. Lakini deni likihamishwa halijalipwa, na ukilihamishia kwa mtu anayekupenda, usimpe usingizi wa uongo. Najua humu ndani kuna mtu anafuta ujumbe kwenye simu. Usingoje upate pesa kwanza ndipo useme. Mimi nilingoja pesa. Mwambie leo, kabla hamjala.