Maji ya Ndani ya Jiwe

Basi lilipoanza kupanda vilima vya Sichuan, Bi Luo alikuwa ameshamweleza jirani yake wa kiti, mwalimu kijana asiyemjua, kosa lote la mkwewe, mke wa mwanawe.

"Miaka arobaini nagandisha maziwa ya soya yawe tofu kwa unga wa jiwe la jasi mbichi, gramu thelathini kwa ndoo. Yeye kaichoma kwanza, eti ndivyo wafanyavyo kwao. Akapima thelathini zilezile, tofu ikawa ngumu kama kandambili! Nikamsema. Akafunga virago akarudi kwao."

"Bibi, jasi mbichi ina maji ndani," mwalimu alisema. "Katika gramu mia, kama ishirini na moja ni maji, na moto huyafukuza. Thelathini zake zilikuwa jasi tupu. Ishirini na nne zingetosha."

"Maji ndani ya jiwe! Mjukuu wangu, halijawahi kunilowesha hata kidole."

"Hayalowanishi, Bibi. Yameungana na jiwe lenyewe."

"Na mkeo akinuna, humfundisha hivihivi?"

"Sijaoa."

"Nilidhani hivyo," alisema Bi Luo kwa upole. "Basi kosa ni la jiwe."

"Ni la aliyegomba kabla ya kuuliza."

Bi Luo aligeukia dirisha, akahesabu vilima viwili. Basi likasimama kijijini kwa kina mkwewe, alikokuwa akienda kumrudisha.

"Maji hayo siyaamini," alisema akiinuka. "Lakini niandikie hiyo ishirini na nne kwenye karatasi. Siwezi kubisha hodi kwao mikono mitupu."