Chupa ya Kumupelekea Adalbert

Benchi yetu iko pembeni ya daraja ya Lukuga, mbele ya sufuria ya kahawa ya Mama Chantal. Wanaoniudhi pale ni wawili. Germain tunamuita Daktari, eti kwa sababu mudogo wake ni muuguzi. Jovial tunamuita Redio, huyo hazimikake. Asubuhi ile walibishana juu ya Adalbert, rafiki yetu. Tangu kilio ya kifo ya muke wake Agathe iishe, anaishi peke yake, anavuta sigara juu ya sigara, na anaamkia lutuku, ile pombe kali ya mihogo. Juzi alianguka barabarani. Kwa hospitali wamesema ini inaharibika, akiendelea atakufa. Tunamupenda sana, njo maana tulipiga kelele.

— Ni baridi ya kitanda njo inamunywesha, Daktari akasema. Muntu akilala peke yake, damu inapoa. Mwili unatafuta moto.

— Uongo! Redio akaruka. Na wapadri je? Damu yao haitembee?

— Padri iko na kengele, inamupasha moto!

— Weee! Mimi naona ni nyumba. Nyumba ya muntu mumoja inasikiaka woga. Inamusukuma inje, na inje kuna nini? Pombe!

— Nyumba isikie woga? Mama Chantal, umetia nini mu kahawa ya huyu?

— Basi ni moshi. Agathe alipikia moto ya makala miaka yote. Sasa moshi ya jikoni imekatika, mapafu inadai yake. Njo sigara ile!

Nikachoka nao.

— Aa, muniache! Muntu ana huzuni, basi.

— Kwani siye tumemutupa? Daktari akanigeukia. Kwa mufiwa hatuendake mikono mitupu. Jumapili nilimupelekea chupa.

— Mimi pakiti ya sigara, Redio akasema.

Mimi pia nilipeleka chupa, na nilichagua ile nzuri. Ulitaka tubebe nini? Kwetu mwanaume hapitake barabarani na sufuria ya bukari, ile ugali yetu, watamucheka mpaka mbali kule Kongolo. Chakula ni ya wamama kupeleka. Nao, kilio ikiisha, hawaingiake tena kwa mwanaume aliyebaki peke yake, watasemwa vibaya.

Tulikuwa hapo, mama mumoja kijana akasimama mbele yetu, kitenge kingali na vumbi. Nikamutambua: Ketsia, binti ya Adalbert, ameolewa Kongolo.

— Jambo, wapapa.

— Jambo, mama. Karibu. Pole sana.

— Asante. Papa anawasifu, anasema hamumusahau hata siku moja. Nimefika jana, nimefagia, nimetoa chupa. Jiko nimekuta buibui amejenga ndani. Akapangusa macho na pembe ya kitenge. — Naomba kuuliza, wapapa. Tangu mama azikwe, papa anakulaka na nani?

Daktari akamuangalia Redio. Redio akaniangalia mimi.  Nikaona haya. Ilikuwa karibu saa sita, na siye wote watatu tulikuwa tunangojewa na wake zetu, kila mumoja kwake, chakula iko tayari.