Jina Ambalo Mama Mutindi Hakuweza Kuliita

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wetu wa Emali na jamaa mliotoka Kitui kabla jua halijachomoza, nawasalimu katika jina la Bwana, mimi ni Wayua, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imeniteua niwasomee maisha ya mama yetu, nami naomba mnivumilie nikisita mahali, kwa sababu jina langu limo katika historia hii zaidi ya ninavyopenda.

Tabitha Mutindi Kyule alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Ngiluni, Kitui, akiwa kifungua mimba wa Mzee Musyimi na mkewe Kalunde, ambao wote wametangulia, na mwaka wa 1973 akapata mdogo wake wa pekee, msichana aliyeitwa Wayua, ambaye kwa maelezo ya wote waliomjua alikuwa mwepesi wa mwili na mwepesi wa kucheka.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya Ngiluni mwaka wa 1975, akafanya mtihani wake wa mwisho vizuri, akajiunga na shule ya upili mwaka wa 1983, lakini mwaka uliofuata ukaja ule ukame ambao wazee mlio hapa mnaukumbuka, mto ukabaki mchanga mtupu, na watu wakachimba visima humo humo mtoni, kila juma wakienda chini zaidi, hadi vikawa virefu kupita kimo cha mtu, na ikawa desturi kwamba mtoto aliye mwepesi kuliko wote ndiye anayeshushwa kuteka kwa kibuyu huku mkubwa akipokea juu.

Tarehe 22 Septemba 1984 Wayua alishuka, Mutindi akabaki juu, na ukingo wa kisima ukaporomoka.

Mama alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake kumi na mmoja, na baada ya mazishi hakurudi shuleni, alikaa nyumbani bila kusema neno la maana kwa mtu yeyote, hadi mwaka wa 1986 babu alipompeleka chuo cha ufundi mjini Kitui kujifunza ushonaji, na kwa kweli cherehani ndiyo iliyompa sauti tena, kwa maana mteja hawezi kushonewa na fundi asiyemwuliza kipimo.

Mwaka wa 1989 alihamia Emali akafungua kibanda cha kushona sare za shule, na wengi wenu mlio hapa mmevaa mkono wake, tena mnajua alivyokuwa mkali kwa mzazi aliyeleta kitambaa kidogo akitaka suruali ndefu, na hapo hapo sokoni akakutana na baba yetu, Kyule, mekanika wa malori, wakafunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, yaani Kitheka mwaka wa 1992, mimi mwaka wa 1995, na Mwangangi mwaka wa 1999.

Kwa mila yetu mimi nilipaswa kupewa jina la mama mzazi wa baba, lakini wakati huo mama alikuwa halali mlango ukiwa umefungwa, hajifuniki shuka kupita kifua, na akisikia lori likimwaga mchanga anatetemeka mwili mzima, kwa hivyo wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaamua kwamba marehemu Wayua anadai jina, na kwamba jina likirudi nyumbani moyo wa Mutindi utatulia, naye nyanya akakubali kusubiri zamu yake, jambo ambalo wanaomjua nyanya wanajua halikuwa dogo, na wote walifanya hivyo kwa upendo.

Walikosea, na nasema hivi bila kumlaumu mtu, kwa sababu walimtia mama mikononi jina ambalo hakuweza kulitamka, akanilea, akaninyonyesha, akanishonea kila nguo niliyovaa, lakini akaniita Mwiitu tu, yaani msichana, na mtu mwingine akipaza sauti uani kuniita Wayua, mama alikuwa akisimamisha cherehani na kugeuza shingo kutazama chini, ardhini, si upande niliokuwa, nami nilikua nikijua kwamba nyumbani mwetu kuna mtoto mwingine anayeitwa kabla yangu.

Mwaka wa 2017 tulipoanza kujenga nyumba hii mnayoiona, mchanga wa mtoni uliletwa, na asubuhi fundi akamkuta mama amepiga magoti kwenye lile rundo akilichimba kwa mikono, kucha zikitoka damu, akaombewa na kanisa letu kwa moyo wote, kisha muuguzi mmoja akatushauri tumpeleke hospitali ya mjini Wote, na mwezi wa Februari 2018 akaanza kuonana na mshauri nasaha, Bi. Kanyiva, ambaye yuko nasi leo.

Bi. Kanyiva hakumpa dawa ya kusahau, alimfundisha kwanza kupumua polepole na kukanyaga sakafu hadi aihisi, halafu akamwomba afumbe macho asimulie siku ile kama inayotendeka sasa, sauti ikirekodiwa kwa simu, na kila siku nyumbani aisikilize, mlango ukiwa wazi, nasi sote tukaisikia, na mwanzoni hali ya mama ilizidi kuwa mbaya, hata baba akasema, "Huyu daktari anatonesha kidonda bure, wacha tukae tu na mama yenu vile alivyo," lakini mama mwenyewe ndiye aliyekataa kuacha.

Katika kila rekodi hadithi yake ilikomea pale alipokimbia kupanda ukingo wa mto kuita watu, na Bi. Kanyiva, bila haraka, wiki baada ya wiki, akawa anamrudisha hapo, mpaka siku moja mama akasema kilichokuwa kikimfuata miaka yote hiyo, kwamba kabla hajakimbia alisikia sauti chini ya mchanga ikimwita, "Mutindi, Mutindi," naye hakuitika, alikimbia tu, na waliporudi na majembe mchanga ulikuwa umenyamaza.

Mshauri hakumwambia asahau wala ajisamehe siku hiyo hiyo, alimwuliza angemwambia nini msichana wa miaka kumi na sita aliyekimbia kutafuta msaada, na mama akalia, na baada ya kutazama mto kwanza kutoka mlimani, kisha kutoka ukingoni, tarehe 9 Machi 2019 akakanyaga ule mchanga, baba akimshika mkono, akapiga magoti na kusema kwa sauti, "Niko hapa, Wayua, nilienda kuita watu," na jioni, nyumbani, akasema bila kugeuka kutoka jikoni, "Wayua, niletee chumvi," nami nikaitika, nikampelekea chumvi.

Sitawadanganya kwamba hofu iliisha, mlango wetu haukuwahi kufungwa, lakini alilala, aliniita, na wasichana wawili waliofiwa vibaya walikuja kukaa naye kibandani kwa sababu alijua kunyamaza nao.

Mwezi wa Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa mjini Wote na Nairobi, akavumilia, akaaga dunia tarehe 3 Juni 2025 alfajiri, nyumbani, baba na mimi tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Kanyiva, kanisa, mafundi wenzake wa sokoni, na jirani yetu Ismahan wa duka la vitambaa, ambaye alimletea uji kila asubuhi hata alipokuwa hawezi tena kuumeza.

Mama aliacha ombi moja, akijua vizuri kwamba maiti hasikii na kwamba roho yake iko kwa Bwana, lakini akaomba, na baba amekubali, kwamba siku ya leo vijana wasishindane na majembe, wamwage udongo taratibu, na wanakwaya wangoje kidogo, ili asifunikwe pasipo mtu wa kumwitikia.

Kwa hivyo nitasimama pale ukingoni tangu udongo wa kwanza mpaka wa mwisho, na sitakimbia, na mtakaponisikia nikimwitikia peke yangu msinishike wala msinionee huruma, ni kazi niliyopewa pamoja na jina.

Lala kwa amani, Mama, mlango uko wazi, na mimi Wayua niko hapa.